Mume wangu anakimbia baridi, mimi naogopa fukuto

Shikamoo mama,

Nimesoma majibu yako kwa miaka mingi, sikudhani kama siku moja nami nitaandika. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 13 hapa Minneapolis, Marekani. Mume wangu ni mtu wa Unguja. Tuna binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 9. Mume wangu hanipigi, hana mambo ya nje, na anachokipata anakileta nyumbani. Kinachotugombanisha ni hali ya hewa. Naomba usilione jambo dogo, maana tumefika mahali tunalala tumepeana migongo.

Mume wangu anaendesha gari la kusambaza vifurushi. Februari mwaka jana alitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Juzi yake kulikuwa na jua, theluji ya kwenye ngazi ikayeyuka, usiku ikaganda tena, ikawa kama kigae kilichomwagiwa mafuta. Kipimajoto kilisoma nyuzi 24 chini ya sifuri. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai. Nikaona muda unapita na sisikii gari likiwashwa. Nilipofungua mlango nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa, mkono wa kushoto ameupakata, glavu moja iko kwenye theluji, ndevu zimeshika barafu. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Nikamuuliza, kwa nini hukuniita? Akasema, "Niliona uzito kufungua mdomo."

Mkono ulipona baada ya wiki saba. Lakini yeye hakurudi kuwa yule niliyemzoea. Msimu huu, tangu Novemba, akitoka kazini anakaa sebuleni bila kuwasha taa. Anakula mikate, analala, anaamka amechoka. Msikitini haendi tena ila Ijumaa. Binti yetu anateleza kwenye barafu na timu ya shule, ziwa likiganda kwake ni sikukuu, lakini baba yake hajaenda kumtazama hata mara moja. Kitu pekee kinachomchangamsha ni simu ya kaka yake aliyeko Muscat, Oman. Wakiongea, anacheka mpaka watoto wanatoka chumbani kuangalia kuna nini.

Huyo shemeji ndiye aliyemtafutia kazi kule, msimamizi wa ghala, kuanzia mwezi wa Juni. Baba zao wadogo walikimbilia Oman baada ya Mapinduzi ya 1964, na shemeji aliwafuata ukubwani, kwa hiyo ukoo wote uko kule. Mume wangu alikwenda kuwatembelea Januari miaka miwili iliyopita, wiki tatu. Alirudi ananiambia kuwa jioni wanakaa ufukweni Mutrah na kanzu zao, wanakunywa kahawa, upepo unapuliza, na dukani anazungumza Kiswahili kama yuko Darajani. Anasema, "Sisi watu wa pwani tumezaliwa na joto. Mwili haujasahau."

Mimi nilikwenda Julai iliyopita na watoto, wiki mbili, kwa harusi ya binti wa shemeji. Mama, mimi ni mtoto wa Tanga, naijua Februari ya kwetu, naujua usiku ambao shuka linalowa na unahamia kulala sakafuni. Lile la Muscat silo joto ninalolijua. Nilitoka mlangoni saa nne usiku, miwani ikafunga ukungu palepale. Hapa miwani hufunga ukungu nikiingia ndani. Kule ilifunga nikitoka nje. Hewa ilikuwa kama mtu anayejifukiza mwarobaini na hakuna wa kumfunua blanketi. Maji ya bomba la baridi yalikuwa yanaunguza. Mke wa shemeji akanifundisha kwamba kiangazi wanazima hita ya maji, na maji yaliyotulia ndani ya tangi lake, kwenye kivuli, ndiyo ya kuogea, kwa hiyo ukitaka maji ya baridi unafungua bomba la moto. Mwanangu alicheza mpira nje saa kumi na moja jioni kwa nusu saa, akarudi anatapika, na kesho yake akatoka harara mgongo mzima. Siku zilizobaki watoto walikaa chini ya kiyoyozi na tableti. Chupa yangu ya mafuta ya nazi, ambayo hapa dirishani huwa ngumu kama mshumaa kuanzia Oktoba hadi Aprili, kule ilikuwa nyepesi na moto kama chai.

Nilipomwambia mume wangu, akasema nadekeza watoto. Mimi humwambia, "Baridi utavaa. Joto utavua nini?" Naye hunijibu, "Joto linaishia kwenye ngozi. Baridi inaingia moyoni." Hatutoki hapo.

Mimi nimesoma kwa shida mpaka nikapata leseni ya uuguzi, ni mwaka wa pili sasa, nahudumia wazee kwenye makao yao. Binti yangu ameapa kwamba haendi. Mume wangu anatakiwa kutoa jibu la kazi kabla ya mwisho wa Machi. Niambie, mama: baridi na joto, kipi kibaya zaidi kwa mwili wa binadamu? Na kati yetu nani ana haki?

Mama Wawili, Minneapolis

*

Marahaba, mwanangu, na poleni nyote wanne.

Jambo lako si dogo hata kidogo. Hali ya hewa ndiyo inayoamua mtu aamke saa ngapi, avae nini, akutane na nani, mtoto achezee wapi. Ikimkataa mtu, inamkataa kila siku, na hana pa kwenda kulalamika. Kwa hiyo nimeisoma barua yako kama ninavyosoma barua za wanaoumia.

Nikuelewe hivi: mume wako anataka kuhamisha familia kwenda Muscat kwa sababu majira ya baridi ya Minneapolis yanamvunja. Wewe unaogopa kwamba joto la kule litawavunja watoto, na pamoja nao kazi uliyoihangaikia miaka mingi. Kila mmoja ana ushahidi aliouona kwa macho yake. Na kila mmoja anasema kweli.

Hebu tazama kitu kimoja. Yeye Muscat anaijua kwa Januari. Mwezi huo mchana huwa nyuzi 25 hivi, usiku 17 hivi, kipupwe cha kwetu kabisa. Wewe unaijua kwa Julai, mchana nyuzi 40 na usiku haishuki chini ya 30. Na Minneapolis je? Yeye akiitaja, anataja Februari ile ya ngazi. Wewe ukiitaja moyoni mwako, nadhani unaona Juni, jua linalokaa angani zaidi ya saa 15, maziwa yamefunguka, watoto wako na baiskeli. Kila mmoja wenu amechukua mwezi mmoja akaufanya mwaka mzima, kisha mnagombana kana kwamba mnazungumzia mji mmoja. Hamjawahi hata siku moja kuizungumzia Muscat ileile.

Na kazi ile inaanza Juni. Sijui kama mmelitazama hilo pamoja. Atashuka kwenye ndege katika joto lilelile lililokutisha wewe, na picha ya Mutrah kichwani.

Sasa swali lako la mwili, kwa sababu wewe ni muuguzi na unastahili kujibiwa sawasawa.

Mume wako anasema mwili haujasahau joto. Kwa bahati mbaya, mwili husahau. Mtu akiingia kwenye joto kali, ndani ya wiki moja hadi mbili mwili hujifunza: jasho linaanza kutoka mapema zaidi, linatoka kwa wingi, na chumvi inayopotea humo inapungua. Akiondoka kwenye joto hilo, mafunzo yanafutika ndani ya wiki chache. Kuzaliwa Unguja hakumwachii akiba ya miaka 13. Atakuwa mgeni kama mgeni mwingine, ila atajifunza tena kama alivyojifunza mara ya kwanza. Kwa hiyo wiki mbili zako na za mwanao zilikuwa zile ngumu kuliko zote. Mliondoka wakati mwili unaanza kuelewa. Sisemi kwamba mngezoea kila kitu. Nasema tu kwamba mlipima mlango mkadhani ndiyo nyumba.

Lakini fukuto nalo si la kulichezea, na hofu yako ina msingi. Jasho halikupoozi kwa kutoka, linakupooza kwa kukauka. Hewa ikishiba mvuke, jasho linabaki linatiririka tu, halichukui joto lolote. Na hewa ikizidi joto la ngozi, ambalo ni kama nyuzi 35, feni nayo inapuliza moto. Wataalamu hupima hatari hiyo kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji. Kikifika nyuzi 35, hata kijana mwenye afya aliyekaa kivulini na maji pembeni hawezi kuhimili saa nyingi, na majaribio ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba mwili huanza kushindwa kabla ya hapo. Pwani ya Ghuba ni miongoni mwa sehemu chache duniani zilizowahi kukaribia mpaka huo. Qurayyat, mji wa pwani usio mbali na Muscat, tarehe 26 Juni 2018 ulikesha na joto lisiloshuka chini ya nyuzi 42.6, usiku na mchana. Februari ya Tanga, pamoja na kaskazi yake yote, usiku inashuka hadi 25 hivi na upepo wa bahari unakuja. Ulichokisema ni kweli tupu, lile silo joto mlilokulia.

Na baridi? Uliiona mwenyewe asubuhi ya 30 Januari 2019, Minneapolis iliposhuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri na shule zikafungwa. Kwenye baridi kama ile pamoja na upepo, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika kumi. Ule usemi wako, kwamba baridi utavaa, ni kweli kwa aliye na koti na anayerudi ndani baada ya robo saa. Mume wako anashuka na kupanda gari siku nzima, kifurushi baada ya kifurushi, na glavu nene hazifungui mlango wala hazishiki kalamu. Kuna baridi isiyovalika. Isitoshe, mwili hauizoei baridi kama unavyolizoea joto. Kinachozoea zaidi ni akili na kabati la nguo.

Umeniuliza kipi kibaya zaidi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mkubwa uliopitia vifo zaidi ya milioni 74 katika nchi 13. Ulikuta kwamba baridi ilihusishwa na asilimia 7 na kitu ya vifo hivyo, na joto chini ya nusu asilimia. Tena baridi iliyoua wengi haikuwa ile ya kutisha ya Januari 2019. Ilikuwa ile ya wastani, ya siku nyingi, inayobana mishipa ya damu na kuleta mafua kwa wazee. Mume wako akiusoma atasema ameshinda. Lakini katika nchi hizo 13 Oman haimo, wala nchi yoyote ya Ghuba, wala Tanzania. Na hesabu ya mamilioni haijui kwamba kwenu kuna mtoto wa miaka 9 anayepata harara na baba anayekaa gizani. Kwa nyumba yako sina jibu la kipi kibaya zaidi, na nadhani hata nikikupa halitawafaa, maana atakayeshindwa atabaki kulala amekupa mgongo.

Nirudi kwenye ile taa isiyowashwa.

Saa zetu za Kiswahili zimejengwa juu ya jua la kwetu. Tukisema saa moja asubuhi, ni saa moja tangu jua litoke, na Unguja ndivyo ilivyo karibu mwaka mzima. Mume wako alilelewa na saa hiyo. Huko kwenu Desemba, saa moja asubuhi bado ni usiku, na saa kumi na moja jioni ni usiku tena. Jua linakaa angani chini ya saa tisa, na saa hizo yeye yuko ndani ya gari. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake waliandika kuhusu watu wanaozama kila majira ya baridi: wanalala kupita kiasi, wanatamani vyakula vya wanga, wanajitenga, kisha masika ya huko yakifika wanafufuka. Rosenthal mwenyewe alizaliwa Afrika Kusini, akahamia New York, na akayaona mabadiliko hayo katika mwili wake. Mikate, usingizi, uchovu, kuacha msikiti, yote uliyoniandikia, mwanangu, ungeyaona kwa mgonjwa wako ungeandika kwenye faili siku hiyohiyo. Ukiyaona kwa mume unasema amebadilika. Ni kawaida, sikulaumu.

Mimi siwezi kumtambua ugonjwa kwa barua. Lakini kabla ya mwisho wa Machi anaweza kwenda kwa daktari, na hilo halimfungi kukaa wala kuondoka. Wapo wanaosaidika kwa taa maalumu yenye nguvu ya luksi 10,000, dakika 30 kila asubuhi, lakini aulize kwanza daktari kama ana tatizo la macho au historia ya hisia kupanda na kushuka. Wapo wanaohitaji dawa au mazungumzo na mtaalamu. Apimwe na vitamini D pia, kwa sababu ngozi yetu nyeusi hupata kidogo sana kwenye jua hafifu la huko. Na hapa kuna jambo ambalo nataka mlijue nyote wawili: upungufu huohuo ni wa kawaida pia nchi za Ghuba, pamoja na jua lote lile, kwa sababu watu wanajificha ndani. Muscat haina majira ya giza, ila ina majira ya milango iliyofungwa. Miezi minne mnafungiwa na theluji au miezi minne mnafungiwa na kiyoyozi. Mwanao na tableti uliwaona upande ule, baba na sebule yake unawaona upande huu.

Hapo ndipo ninapojiuliza kama mume wako anakimbilia joto au anakimbilia watu. Umeniandikia mengi ya baridi na ya joto, na mstari mmoja tu kuhusu kucheka kwake. Mstari huo nimeusoma mara tatu. Mtu anayecheka kwenye simu mpaka watoto wakatoka chumbani hajafa moyo. Kuna aliye naye anapocheka, na hayuko Minneapolis. Inawezekana hali ya hewa ndiyo lugha anayoweza kuisemea upweke bila kuona haya. Mwanamume wa makamo ni rahisi kusema "baridi imenishinda" kuliko kusema "namtaka kaka yangu". Na wewe, niruhusu nikuulize kwa upole, ukisema "joto" huwa hakuna leseni yako ndani yake? Binti wa Tanga aliyevumilia kaskazi zote zile anaogopa fukuto tu, au anaogopa kurudi kuwa mke wa fulani nyumbani kwa watu? Hofu hiyo ina haki ya kusemwa kwa jina lake. Ukiificha nyuma ya kipimajoto, yeye atakujibu kwa kipimajoto.

Sasa njia zilizo mbele yenu, jinsi ninavyoziona.

Mnaweza kwenda wote. Mtapata ukoo, lugha, adhana, na majira ya kuanzia Novemba hadi Machi ambayo watu hulipa fedha nyingi kuyafuata. Lakini ukaazi wa mgeni kule kwa kawaida unafungwa na kazi, na kazi ikiisha ukaazi nao unayumba. Kama bado hamjapata uraia wa Marekani na mna kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kukaa nje kwa muda mrefu kunaweza kuwapotezea kadi hiyo, kwa hiyo onaneni na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kukata tiketi. Leseni yako nayo haihami nawe yenyewe, itabidi ipite kwenye mamlaka ya Oman na taratibu zake. Ada za shule zisizo za serikali zitajwe kwa tarakimu, zisiachwe kwenye "shemeji atasaidia". Na binti wa miaka 14 aliyeapa hatakwenda ni mtu, si sanduku. Keti naye, umsikilize mpaka mwisho, hata kama hatimaye uamuzi hautakuwa wake.

Anaweza kutangulia peke yake. Atalijua joto la Juni kwa ngozi yake mwenyewe, nawe hutalazimika kumshawishi. Aulize mapema kama ghala lile lina kiyoyozi au ni bati tupu, maana hilo peke yake linaweza kubadilisha kila kitu. Sheria ya Oman inakataza kazi za nje kwenye jua kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, miezi ya Juni, Julai na Agosti. Ni jambo jema, ila ndani ya ghala la bati sheria hiyo haimfuati. Hatari ya njia hii unaijua bila mimi kukuambia: nimepokea barua nyingi za wake waliobaki na za waume waliotangulia, na umbali una baridi yake. Mkiichagua, wekeni tarehe ya kuamua, na iandikwe.

Mnaweza kubaki na kubadilisha namna ya kubaki. Matibabu kwanza. Kisha kazi isiyomtoa nje alfajiri. Kisha wiki nne za Januari kila mwaka kwa kaka yake, zihesabiwe kwenye bajeti kama kodi ya nyumba, asizione ni anasa wala zawadi. Hatari yake ni kwamba anaweza kukubali kwa mdomo na kukuhesabia moyoni, na kila theluji ikianguka utakuwa wewe uliyeiangusha.

Ipo pia ya kuhama ndani ya Marekani kwenda kusini, ambayo kwenye barua yako hukuigusa. Wengi wa kwetu wamekwenda Texas. Lakini Houston nayo ina fukuto lake zito la Julai, na kaka hayupo Houston.

Kama mnaweza kupata fedha na ruhusa, ningependa mbadilishane miezi kabla hamjaamua chochote kikubwa. Yeye aombe kazi isubiri mpaka Septemba, aende Muscat Julai, akae wiki tatu kamili, aamke saa za kazi, aende hadi kwenye ghala. Wewe uende Januari ijayo, ukakae ufukweni na kikombe chako cha kahawa, umwone anavyokaa akiwa na watu wake. Ninajua mwajiri anaweza kukataa. Hata akikataa, ninyi wawili mnaweza kukaa mezani jioni moja, kila mtu aueleze mwezi wa mwenzake kama yeye ndiye aliyeuishi. Yeye aieleze Julai yako, ukungu wa miwani, mtoto anatapika. Wewe uieleze Februari yake.

Na ukifika hapo utaona kuna kitu hukijui. Umeniandikia kwamba ulimkuta kwenye ngazi ya chini, glavu moja iko kwenye theluji, ndevu zimeshika barafu. Ndevu hazishiki barafu kwa dakika moja. Hukuniandikia alikuwa amekaa pale kwa muda gani, na nahisi hukuwahi kumuuliza. Muulize leo, watoto wakishalala, na taa ya sebuleni uiwashe wewe. Kisha niandikie.